Chunga mkia wa neno: Maneno ya Kiingereza ya shina moja yanayowaponza wengi

MZEE mmoja kutoka viungani mwa mji wa Machakos alinijia jioni moja nilipokuwa nyumbani likizoni, mkononi akiwa na bahasha ya kaki. Alikuwa amekubaliana na mfanyabiashara fulani amwachie sehemu ya shamba lake kwa miaka mitano ili achimbe mawe ya ujenzi. Mkataba ulikuwa umekwisha kupigwa chapa kwa Kiingereza, na kilichosalia kilikuwa sahihi yake tu.

“Mwanangu, wewe ulisomea lugha,” akaniambia. “Nisomee kabla sijatia kidole.”

Nilisoma. Kodi ilikuwa sawa, muda ulikuwa sawa na mipaka ilikuwa sawa. Hata hivyo, katika ukurasa wa kwanza mzee alikuwa ameandikwa kuwa ‘lessee’, na mfanyabiashara akaandikwa kuwa ‘lessor’. Kwa herufi mbili tu za mwisho, mwenye shamba alikuwa amegeuzwa kuwa mpangaji katika ardhi aliyorithi kwa babaye, naye mgeni akawa mwenyeji. Karatasi ilirejeshwa kwa aliyeichapa, ikasahihishwa, ndipo mzee akatia sahihi.

Kisa hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya. Katika Kiingereza kuna maneno mengi yanayotokana na shina moja, yanayofanana kwa sura na hata kwa sauti, lakini ambayo maana zake ziko mbali kama mashariki na magharibi. Wanafunzi huyakosea katika mitihani wakapoteza alama moja au mbili. Mtu mzima anapoyakosea katika hati ya shamba, karatasi ya mahakama au barua ya kuomba kazi, hasara yake haihesabiwi kwa alama.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mikataba, hati za ardhi na nyaraka za mikopo nchini bado huandikwa kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo, msomaji wa Kiswahili hana budi kuyajua maneno haya, awe ameipenda lugha yenyewe au la.

SHINA MOJA, MATAWI MENGI

Kiingereza, sawa na Kiswahili, ni lugha iliyokopa pakubwa. Kiswahili kilichota katika kisima cha Kiarabu. Kiingereza kilichota katika Kilatini, ama moja kwa moja ama kupitia Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa karne kadhaa baada ya hapo, mawakili na mahakimu wa Uingereza walitumia aina ya Kifaransa katika shughuli za mahakama. Ndiyo maana maneno mengi ya sheria na ya ardhi katika Kiingereza yana asili ya Kilatini na viambishi vya Kifaransa.

Jambo hili lisimtishe msomaji, kwani kwetu nyumbani limejaa tele. Tazama konsonanti za Kiarabu sh, h na d. Kutokana nazo tumepata shahidi, ushahidi, shuhudia, ushuhuda na shahada. Maneno yote hayo yanahusu kuona jambo na kulithibitisha, lakini hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayesema kwamba amehitimu na kupewa ‘shahidi’ ya chuo kikuu. Tazama pia h, k na m: hakimu, hukumu, mahakama na hekima. Udugu wao ni dhahiri, na tofauti zao ni dhahiri vilevile.

Isitoshe, Kiswahili kina mfumo wake wa viambishi unaobadilisha mtenda kuwa mtendwa. Anayepanga nyumba ni mpangaji. Anayempangisha ni mpangishaji. Anayeshtaki ni mshtaki. Anayeshtakiwa ni mshtakiwa. Anayeajiri ni mwajiri. Aliyeajiriwa ni mwajiriwa. Sikio la Mswahili, kwa hiyo, limekwisha kuzoea kusikiliza mwisho wa neno ili kujua nani amemtendea nani. Sikio hilohilo ndilo tunalolihitaji tunaposoma Kiingereza.

ANAYETOA NA ANAYEPEWA

Jozi za kwanza ni zile zenye miisho ‘-or’ au ‘-er’ kwa upande mmoja na ‘-ee’ kwa upande wa pili. Kanuni ya jumla ni nyepesi: mwenye ‘-or’ au ‘-er’ ndiye mtenda, yaani anayetoa, mwenye ‘-ee’ ndiye anayetendewa au anayepewa.

‘Employer’ ni mwajiri, ‘employee’ ni mwajiriwa. Hapa wengi hawakosei kwa kuwa maneno haya yamezoeleka. ‘Lessor’ ni mwenye mali anayeikodisha, ‘lessee’ ni yule anayeikodi. ‘Transferor’ ni yule anayehamisha umiliki, kwa kawaida muuzaji wa ardhi, na ‘transferee’ ni yule anayehamishiwa, kwa kawaida mnunuzi.

Jozi inayowachanganya hata waliosoma ni ‘chargor’ na ‘chargee’. Katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, neno ‘charge’ lina maana ya rehani inayowekwa juu ya ardhi kama dhamana ya mkopo. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa benki ndiyo inayotoa fedha, basi benki ndiyo ‘chargor’. Mambo ni kinyume. Kinachotolewa katika neno hili ni rehani, wala si fedha. Anayeitoa ardhi yake iwe rehani ni mkopaji, na kwa hiyo yeye ndiye ‘chargor’. Benki inayopokea rehani hiyo ndiyo ‘chargee’.

Kutofahamu jambo hili kunaweza kumgharimu mtu nyumba. Sheria hiyo inamtaka ‘chargee’ atoe arifa kwa ‘chargor’ anapochelewa kulipa, na kumpa muda usiopungua miezi mitatu kurekebisha hali. Kabla ya kuuza ardhi yenyewe, anatakiwa kutoa arifa nyingine ya siku zisizopungua 40. Mkopaji anayesoma barua akadhani kwamba ‘chargor’ ni benki ataiweka barua hiyo kabatini akiamini kuwa inawahusu wengine, huku siku zikiyoyoma.

Tahadhari ndogo yafaa hapa. Kila kanuni ina visa vyake vya kuivunja. ‘Referee’ katika mpira ni mwamuzi, na katika barua ya kuomba kazi ni mtu anayeweza kuulizwa kuhusu mwombaji. Mwisho wake ni ‘-ee’ kwa kuwa yeye ndiye anayerejewa, yaani anayepelekewa jambo ili alitolee uamuzi au maelezo. Ukilifikiria neno hivyo, utaona kwamba kanuni yenyewe haijavunjika sana.

ARDHI YA ALIYE HAI NA YA MAREHEMU

Jozi ya pili ni ‘transfer’ na ‘transmission’. Yote mawili yanaanza kwa kiambishi cha Kilatini chenye maana ya kuvuka au kupita upande wa pili. Katika mazungumzo ya kawaida, yote mawili yanaweza kutafsiriwa kuwa kuhamisha au kupitisha. Katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, hata hivyo, kila moja lina kazi yake.

‘Transfer’ hutokea pale wahusika wenyewe wanapohamisha umiliki kwa hiari yao, mathalani kwa kuuza au kutoa zawadi. ‘Transmission’ hutokea pale umiliki unapohama kwa nguvu za sheria, hasa kwa sababu ya kifo au kufilisika kwa mwenye ardhi. Shamba la baba aliyefariki haliwezi kuhamishwa kwa ‘transfer’ iliyotiwa sahihi na mwanawe mkubwa, hata kama ukoo mzima umekubaliana chini ya mwembe. Sharti kwanza mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1981, hairuhusu msimamizi kuuza ardhi ya marehemu kabla ya hati yake ya usimamizi kuthibitishwa na mahakama. Mnunuzi anayeonyeshwa karatasi ya ‘transfer’ yenye jina la mtu aliyekwisha kuzikwa anapaswa kurudisha pesa zake mfukoni.

Papo hapo katika mirathi tunakutana na ‘testate’ na ‘intestate’. Shina lake ni neno la Kilatini ‘testis’, yaani shahidi. Kutoka shina hilo tunapata ‘testify’, kutoa ushahidi. ‘Testimony’, ushahidi wenyewe. ‘Testimonial’, barua ya kumshuhudia mtu tabia au kazi yake. Na ‘testament’, wosia, kwa kuwa wosia ni neno lililothibitishwa mbele ya mashahidi. Aliyekufa ‘testate’ ameacha wosia. Aliyekufa ‘intestate’ hakuacha. Silabi ndogo ‘in-’ ndiyo inayoamua kama mali itagawanywa kwa mujibu wa maneno ya marehemu au kwa mujibu wa kanuni za sheria.

Aliyeacha wosia huwa aghalabu amemtaja ‘executor’, ambaye Kiswahili humwita wasii. Neno hili lina ndugu wawili wa kuangaliwa. ‘Execute’ likitumiwa kuhusu mpango lina maana ya kutekeleza. Likitumiwa kuhusu mtu aliyehukumiwa lina maana ya kumwua kwa amri ya mahakama. Likitumiwa kuhusu hati lina maana ya kuitia sahihi na kuikamilisha kisheria. ‘Executive’ kwa upande wake ni mtendaji au mamlaka ya utendaji, kama vile serikali kuu.

Kwenye dawati la uhariri nimewahi kupokea taarifa iliyosema kwamba mkataba wa ununuzi wa shamba ‘umetekelezwa’. Msomaji angeelewa kwamba fedha zimelipwa na shamba limekabidhiwa. Nilipomuuliza mwandishi, ilibainika kwamba hati aliyoisoma ilitumia neno ‘executed’, na kilichofanyika ni kutia sahihi tu. Hakuna hata shilingi moja iliyokuwa imelipwa. Taarifa ilisahihishwa kabla ya kuchapishwa.

HATI NA HAKI YA KUPATA HATI

Jozi inayostahili kukaririwa na kila mnunuzi wa ploti ni ‘title’ na ‘entitled’. Shina lake ni neno la Kilatini ‘titulus’, maandishi yaliyobandikwa juu ya kitu kukitambulisha. ‘Title’ katika ardhi ni haki ya umiliki, nayo ‘title deed’ ni hatimiliki inayoithibitisha. ‘Entitled’ ni mtu mwenye haki ya kupata kitu fulani. Anayestahili kupata hajapata bado.

Karatasi inayosema kwamba mwenye nayo ni ‘entitled’ kupewa ploti inazungumzia matarajio. Hali kadhalika, barua ya ugavi inayojulikana kama ‘letter of allotment’ ni hatua ya mwanzo, si umiliki. Mwaka 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba barua ya ugavi haiwezi yenyewe kumpa mtu umiliki wa ardhi.

Wakazi wa Kaunti ya Machakos wanaujua uchungu wa jambo hili kuliko wengi. Mnamo Novemba 2011, nyumba zilibomolewa Syokimau katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Mnamo Oktoba 2023, matingatinga yalirudi kaunti hiyo, mara hii Mavoko, katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Familia zilibaki nje na virago vyao, baadhi zikiwa na karatasi za ununuzi mikononi. Sidai kwamba neno moja la Kiingereza ndilo lililowaponza. Nyuma ya mikasa hiyo kuna madalali, ulaghai na uzembe wa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mnunuzi anayejua tofauti ya ‘title’ na ‘entitled’ ana swali moja zaidi la kuuliza kabla ya kutoa pesa zake, kisha ana sababu ya kwenda katika masjala ya ardhi kuhakikisha.

KATIKA KUMBI ZA MAHAKAMA

Tuondoke shambani twende mahakamani, ambako neno moja laweza kumchafulia mtu jina lake.

‘Prosecute’ ni kumshtaki mtu mahakamani na kuendesha mashtaka hayo. ‘Persecute’ ni kumtesa au kumwandama mtu, hasa kwa sababu ya dini, kabila au msimamo wake wa kisiasa. Yote mawili yametokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuata. Kiswahili kina mfano unaokaribiana na huo: kufuatilia kesi ni wajibu, lakini kumwandama mtu ni uonevu. Mwanasiasa anapolalamika kwamba ‘anaandamwa’, anatumia neno la pili. Kiongozi wa mashtaka anapojibu kwamba anatimiza kazi yake, anatumia la kwanza. Mwandishi anayeyachanganya anakuwa ametoa hukumu kabla ya hakimu.

‘Accuser’ ni anayetuhumu, ‘accused’ ni anayetuhumiwa au mshtakiwa. Ibara ya 50 ya Katiba inasema kwamba kila mshtakiwa ana haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo ‘accused’ hawezi kutafsiriwa kuwa mhalifu. Anayeweza kuitwa mwenye hatia ni ‘convict’, yaani yule ambaye mahakama imemaliza kumsikiliza na kumpata na hatia.

Neno ‘convict’ nalo lina ndugu wa karibu, ‘convince’. Yote mawili yana asili moja ya Kilatini yenye maana ya kushinda kabisa. ‘Convinced’ ni aliyesadiki baada ya kuelezwa. ‘Convicted’ ni aliyepatikana na hatia. Hakimu anaweza kuwa ‘convinced’ na maelezo ya mshtakiwa, na kwa sababu hiyohiyo mshtakiwa asiwe ‘convicted’. Ukibadilisha herufi mbili tu, umemfunga mtu aliyeachiliwa huru.

Kisha kuna ‘interest’, neno lenye sura nyingi. Katika benki ni riba. Katika sheria ni maslahi au haki katika mali. Katika mazungumzo ni hamu ya jambo. Katika kesi nyingi za kikatiba hutajwa ‘interested party’, na baadhi ya waandishi chipukizi humtafsiri kuwa ‘mtu aliyevutiwa na kesi’, kana kwamba alipita tu akapendezwa. Tafsiri sahihi ni mhusika mwenye maslahi, yaani mtu ambaye uamuzi wa kesi utamgusa.

Kutokana na neno hilo tuna ‘uninterested’ na ‘disinterested’. La kwanza ni mtu asiye na hamu. La pili, katika matumizi yake makini, ni mtu asiye na maslahi ya kibinafsi katika jambo, na kwa hiyo anaweza kuamua kwa haki. Wazee wanapoitwa kutatua mzozo wa mpaka, tunataka wawe ‘disinterested’, wasiwe na kipande chao katika shamba linalogombaniwa. Hatutaki wawe ‘uninterested’, wasinzie huku mashahidi wakizungumza.

Jozi ya mwisho mahakamani ni ‘judicial’ na ‘judicious’. ‘Judicial’ ni -a mahakama au -a mahakimu, kama katika jina la Kiingereza la Tume ya Huduma za Mahakama. ‘Judicious’ ni -enye busara. Mtu hahitaji kuwa hakimu ili awe ‘judicious’. Hapa Kiswahili kinatupa mfano usio na kifani, kwa maana shina lilelile lililotupa hakimu na hukumu ndilo lililotupa hekima. Wazungu na Waarabu, kila mmoja kwao, waliona kwamba kuhukumu na kuwa na busara vinafaa kukaa nyumba moja. Kwamba havikai pamoja kila siku ni habari nyingine.

BARUA YA KAZI NA FOMU YA MKOPO

Vijana wetu wengi waliohitimu hutuma barua za kuomba kazi kila wiki, na huko nako mikia ya maneno huwangoja.

‘Industrial’ ni -a viwanda. ‘Industrious’ ni -enye bidii. Kijana anayejisifu kuwa mtu ‘industrial’ amejiita kiwanda. ‘Economic’ ni -a kiuchumi. ‘Economical’ ni -a kubana matumizi, -siokula fedha nyingi. Sera ya serikali ni ‘economic’. Jiko linalotumia makaa machache ni ‘economical’. ‘Confident’ ni mtu anayejiamini. ‘Confidential’ ni jambo la siri. Mwajiri hatafurahi kuambiwa kwamba mwombaji ni ‘confidential’, ingawa anaweza kupenda barua yenyewe iwe hivyo.

‘Respectfully’ ni kwa heshima. ‘Respectively’ ni kwa mfuatano uliotajwa. Ukisema kwamba Wanza na Mutua walipata alama 70 na 65 ‘respectively’, una maana kwamba Wanza alipata 70, naye Mutua akapata 65. Anayemalizia barua yake kwa ‘Yours respectively’ hajamheshimu mtu yeyote. Amempanga tu foleni.

‘Eligible’ na ‘legible’ hukutana katika fomu moja. Kitenzi cha Kilatini kilichoyazaa kilikuwa na maana ya kukusanya, kuchagua na pia kusoma. ‘Eligible’ ni anayestahili kuchaguliwa; ‘legible’ ni maandishi yanayosomeka. Unaweza kuwa na sifa zote za kupata msaada wa karo, lakini kama mwandiko wako hausomeki, waliokaa mezani hawatajua kwamba unastahili.

‘Principal’ na ‘principle’ hutamkwa sawasawa, na asili yake ni moja, yenye maana ya kuwa wa kwanza. ‘Principle’ ni kanuni au msimamo. ‘Principal’ ni mkuu, na katika shule zetu za sekondari ndilo jina la mwalimu mkuu. Katika mkopo, ‘principal’ ni kiasi halisi ulichokopa bila riba. Mtu aliyekopa shilingi 100,000 akawa amelipa 60,000 anapaswa kuuliza ni kiasi gani cha malipo hayo kilichopunguza ‘principal’ na kiasi gani kilichokwenda kwa ‘interest’. Bila swali hilo atashangaa mwaka ukiisha na deni likiwa karibu palepale.

KIHISTORIA IPI?

Hata sisi wa magazeti hatuna ruhusa ya kuwanyooshea wengine kidole. Neno ‘kihistoria’ tunalitumia kutafsiri maneno mawili ya Kiingereza, ‘historic’ na ‘historical’, na hapo tunayavuruga.

‘Historic’ ni jambo kubwa litakalokumbukwa. Kutangazwa rasmi kwa Katiba mpya mnamo Agosti 27, 2010, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi kulikuwa tukio la aina hiyo. ‘Historical’ ni jambo lolote linalohusu wakati uliopita, liwe kubwa au dogo. Ibara ya 67 ya Katiba inaipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za ardhi za zamani, na kivumishi kilichotumiwa katika Kiingereza ni ‘historical’. Maana yake ni dhuluma zilizotendwa huko nyuma. Msomaji akielewa kwamba ni dhuluma ‘kubwa zisizo na kifani’ tu ndizo zinazochunguzwa, anaweza kudhani kwamba kilio cha familia yake hakina mahali pa kusikilizwa. Kwa maoni yangu, tungesema ‘tukio la kukumbukwa’ kwa neno la kwanza na ‘-a zamani’ au ‘-a kihistoria’ kwa la pili, tungekuwa tumewafaa wasomaji wetu.

Vilevile tuangalie ‘affect’ na ‘effect’. Katika matumizi ya kila siku, ‘affect’ ni kitenzi, kuathiri. ‘Effect’ ni nomino, athari au matokeo. Ugumu huja pale ‘effect’ linapotumiwa kama kitenzi, kwani hapo lina maana ya kuleta au kutimiza. Barua ikisema kwamba kampuni ‘will effect payment’, maana yake ni kwamba italipa. Ikisema kwamba jambo fulani ‘will affect payment’, jiandae, kwani malipo yako huenda yakachelewa au yakapunguzwa.

UFANYEJE?

Kwanza, unapokutana na hati yoyote, tafuta nani anatoa na nani anapewa, kisha linganisha na mikia ya majina waliyopewa. Andika kwa kalamu yako pembeni, kwa Kiswahili: mwenye shamba, mpangaji, muuzaji, mnunuzi, mkopaji, mkopeshaji. Baada ya hapo soma hati nzima ukiwaita kwa majina hayo ya Kiswahili. Kosa, kama lipo, litajifichua lenyewe, kwa sababu utasikia mpangaji akimdai kodi mwenye shamba.

Pili, usiliamini neno kwa sababu unamjua nduguye. Anayejua ‘execute’ la kisiasa asidhani kwamba amejua la kisheria. Kamusi nzuri, kama ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, itakusaidia kwa maana za jumla. Kwa maana za kisheria, ada ya wakili ni nafuu kuliko bei ya shamba.

Tatu, usione haya kuuliza. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumiwa katika kesi yake haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kama sheria yenyewe inakiri kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kutoielewa lugha ya mahakama, kwa nini mtu aone aibu kusema “sijaelewa” mbele ya karani au afisa wa mikopo? Kuuliza si ujinga, wasemavyo wahenga.

Mji wetu wenyewe ni ukumbusho wa haya yote. Mtawala wa Kikamba aliyekuwa na makao yake hapa aliitwa Masaku. Wageni wa Kiingereza walilisikia jina lake kwa masikio yao, wakaliandika kwa herufi zao, na leo ramani zinasema Machakos. Jina lilipobadilika mkia, hakuna aliyemwuliza Masaku.

Mzee wa bahasha ya kaki aliuliza kabla ya kutia sahihi, na ndiyo sababu hadi leo yeye ndiye anayepokea kodi ya shamba lake.